Imani ya Mhakiki na Haki ya Matini

Utangulizi

Swali la iwapo mwanachuoni Mkristo aingie na imani yake katika ukumbi wa mihadhara, au aiache mlangoni kama mtu anavyoviacha viatu, ni swali kongwe. Aghalabu hujibiwa kwa njia mbili zinazopingana. Wako wanaoshikilia kuwa imani ni jambo la faragha lisilokuwa na nafasi katika taaluma. Wako pia wanaoshikilia kuwa muumini asiyeitangaza imani yake darasani amekwisha kuikana. Makala haya yanadai kwamba majibu yote mawili yana kasoro moja: yanaichukulia imani kuwa mzigo wa kubebwa au wa kutuliwa, ilhali imani, kwa yule aliye nayo, ni wajibu unaomfunga katika namna ya kuifanya kazi yake.

Tunakusudia kuonyesha kwamba kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya, amri ya dini inayogusa zaidi kazi yake ya kila siku ni ile inayokataza ushahidi wa uongo dhidi ya jirani. Matini ni jirani. Mtunzi wake, awe hai au marehemu, ni jirani. Mwanafunzi anayesubiri ripoti ya mtahini juu ya tasnifu yake ni jirani pia. Ikiwa Mkristo hawezi kusema kweli juu ya hao watatu, sala yake ya kufungulia mhadhara haitamsaidia. Yafaa msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mwandishi wa makala haya ni Mkristo, na kwamba sehemu kubwa ya tungo anazozifundisha kila muhula zilitungwa na Waislamu. Hoja zinazofuata zimetokana na hali hiyo, ambayo ni hali ya walimu wengi wa somo hili katika vyuo vyetu.

Swali lililozaliwa kwingine

Mnamo mwaka 200 hivi, Tertullian wa Carthage aliuliza ni uhusiano gani uliopo baina ya Athene, mji wa wanafalsafa, na Yerusalemu, mji wa manabii. Jawabu alilolikusudia lilikuwa kwamba hapana uhusiano wowote. Miaka mia mbili baadaye, Agostino wa Hippo, Mwafrika mwenziwe wa kaskazini aliyezaliwa mwaka 354, alitoa jawabu jingine. Huyu alikuwa mwalimu wa balagha kwa kazi: alifundisha Carthage, akafundisha Roma, kisha akashika nafasi ya mwalimu wa balagha mjini Milan. Alipoongoka mwaka 386 aliiacha kazi hiyo, lakini hakuuacha ujuzi wake. Katika kitabu chake kuhusu mafundisho ya Kikristo aliifananisha elimu ya wapagani na dhahabu ambayo Waisraeli walitoka nayo Misri. Dhahabu hiyo ilikuwa dhahabu ya kweli hata ilipokuwa mikononi mwa Wamisri. Kilichobadilika ni matumizi yake.

Katika karne ya 20 swali lilirudi kwa sura nyingine. Mnamo Novemba 1917 Max Weber aliwahutubia wanafunzi mjini Munich kuhusu elimu kama wito. Alikataa katakata kwamba mwalimu awe nabii katika chumba cha mhadhara. Sababu aliyoitoa ingali na uzito hata leo: mwanafunzi ameketi pale kwa kuwa anahitaji kufaulu, na hana nafasi ya kumjibu mwalimu kama ambavyo angeweza kumjibu mhubiri sokoni. Weber hakuwa akiikemea dini peke yake. Alikuwa akiwakemea pia maprofesa wa siasa waliogeuza kozi zao kuwa majukwaa.

Wanafunzi wetu huzinukuu hoja hizi katika insha zao, lakini ni nadra kuuliza zilizaliwa katika mazingira gani. Mjadala wa Ulaya kwa muda mrefu umekuwa mjadala wa imani inayopungua nguvu mbele ya chuo kinachojitenga nayo. Hapa kwetu hali ni kinyume. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo, na takriban asilimia 11 ni Waislamu. Mahafali hufunguliwa kwa sala hata katika vyuo vya umma. Vyama vya wanafunzi Wakristo ni miongoni mwa vyama vikubwa kampasini, na ibada za saa ya chakula cha mchana hujaza kumbi ambazo mhadhara wa wageni huzijaza kwa nadra. Chuo Kikuu cha Baraton kilipata hati ya kuanzishwa mwaka 1991, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki mwaka 1992, na Daystar mwaka 1994. Vyote vitatu vina misingi ya Kikristo.

Kwa hiyo Mkristo wa Kenya anayejieleza kana kwamba yeye ni wa wachache wanaoandamwa chuoni ameazima malalamiko ya watu wengine. Imani yake haipigwi vita; imekaa mahali pa heshima. Suala linalomkabili ni lile linalomkabili kila mwenye wingi na nguvu, yaani atautumiaje wingi huo mbele ya yule asiyekuwa nao. Katiba ya mwaka 2010 inalitambua jambo hili. Kifungu cha 8 kinasema kwamba hapatakuwa na dini ya taifa. Cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri na dini. Na cha 33 kinataja uhuru wa taaluma na wa utafiti. Sheria, hata hivyo, haiwezi kuingia katika kichwa cha mtahini anaposoma karatasi usiku peke yake. Huko ndiko maadili yanakoanzia.

Deni la lugha

Mkristo anayefundisha fasihi ya Kiswahili ana sababu nyingine ya kunyenyekea, nayo imo katika lugha yenyewe. Tuyatazame maneno ambayo kwayo husali: imani, dhambi, toba, sala, rehema, neema, baraka, malaika, shetani, nabii. Yote haya yalikuja kutoka Kiarabu na kukomazwa katika vinywa vya Waswahili Waislamu kabla ya kuingia katika Biblia. Hata msalaba, ambao ndio alama inayomtenganisha Mkristo na Mwislamu, unaitwa kwa neno lenye asili ya Kiarabu, na kanisa vilevile. Biblia ya Kiswahili iliyounganisha tafsiri za awali, ikatolewa kamili mwaka 1952, isingekuwa na msamiati wa kutosha lau si kazi ya karne nyingi iliyofanywa na masheha, walimu wa chuoni na washairi wa Lamu, Pate, Mombasa na Unguja. Mkristo hakuikuta lugha hii tupu. Aliikuta imekwisha kufunzwa kusali.

Wamisionari wa kwanza walilijua jambo hili kwa namna yao, na historia yao ina pande mbili. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipendelea hati za Kirumi badala ya zile za Kiarabu, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kuuzuia ushawishi wa Uislamu. Hapo imani ilitumika kama kisu cha kuikata lugha na historia yake ya maandishi. Lakini Krapf huyohuyo ndiye aliyepeleka Ujerumani nakala ya Chuo cha Herkali, utenzi wa karne ya 18 unaosimulia vita vya Waislamu dhidi ya Kaizari Mkristo wa Rumi ya Mashariki. Mmisionari aliuhifadhi utenzi ambao ndani yake Wakristo ndio maadui. Hatudai kwamba alifanya hivyo kwa wema mtupu. Tunachosema ni kwamba katika tendo hilo moja aliitendea matini haki: hakuichoma, hakuipunguza, wala hakuibadilisha ili imridhishe.

Mfano ulio bora zaidi ni wa W. E. Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, msomi Mwislamu wa Mombasa, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, ambayo William Hichens aliyachapisha mwaka 1940. Ni Taylor pia aliyeandaa matini ya Al-Inkishafi pamoja na tafsiri yake, zikachapishwa mwaka 1915 katika kitabu cha Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili. Lau si ushirikiano wa watu hawa wawili wa dini mbili, sehemu kubwa ya Muyaka tunayoisoma leo huenda ingepotea. Hata hivyo, jina la Sikujua hutajwa kwa nadra kuliko la Taylor. Huo nao ni ushahidi usiokamilika, na mhakiki Mkristo ana wajibu wa kuusahihisha.

Al-Inkishafi mbele ya msomaji Mkristo

Tuingie sasa katika usomaji wenyewe. Al-Inkishafi ni utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, wa mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa ile ya 19. Mshairi anauhoji moyo wake. Anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyokuwa yaking'aa kwa taa na vyombo vya kauri, ambayo sasa ni magofu; mahali palipopangwa sahani sasa ndege wanalala na makinda yao. Wenye majumba hayo wako kaburini. Kisha anauonya moyo juu ya Siku ya Hukumu na kuzitaja Jahanamu kwa majina yake.

Katika darasa lenye Wakristo wengi, utungo huu hupatwa na hatari mbili. Hatari ya kwanza ni ya kuuteka. Msomaji hukimbilia kusema kwamba hii ni sauti ya Mhubiri wa Agano la Kale, aliyeyaona mambo yote kuwa ubatili, kisha akaridhika. Mfanano huo upo na unastahili kuchunguzwa. Lakini unapogeuzwa kuwa tafsiri kamili, Pate inatoweka. Inatoweka historia ya dola ya kisiwa iliyodidimia. Inatoweka elimu ya Kurani ambayo mshairi anaitegemea katika kila ubeti. Yanatoweka na yale majina ya Jahanamu, ambayo Mhubiri hakuyajua. Anayebaki ni Sayyid Abdalla aliyebatizwa bila ridhaa yake.

Hatari ya pili ni ya kuupuuza. Msomaji hufika katika beti za adhabu, akasema kwamba huo ni mtazamo wa dini ya vitisho, na kwamba thamani ya utungo imo katika tamathali zake pekee. Msomaji huyohuyo huenda kanisani Jumapili akasikiliza juu ya ziwa la moto bila ya kuinua uso. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Si lazima mtu aamini fundisho la utungo ili autendee haki. Lililo lazima ni kutumia kipimo kimoja kwa vya kwake na vya wenzake.

Upo usomaji wa tatu, nao ni mgumu zaidi. Ni ule ambao msomaji hukubali kusemeshwa. Al-Inkishafi ni wito wa kutubu, na mshairi hakuuelekeza kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaotafuta takriri na tashihisi. Mkristo anayeijua toba kwa uzoefu wake ana nafasi ya kuusikia wito huo kwa undani ambao msomaji asiyejali dini huenda akaukosa. Lakini nafasi hiyo ina sharti: ausikie kama wito wa Mwislamu, kwa masharti ya Uislamu, na akubali kwamba huenda anaonywa na mtu asiyekiri Imani ya Mitume. Hapo imani yake inakuwa sikio. Katika zile hatari mbili za mwanzo ilikuwa ukuta.

Kipimo cha haki hii ni kuligeuza swali. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma na Mkristo, alichapisha Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Alitwaa bahari ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wameitumia kwa maghazi ya Mtume na kwa mawaidha, akaimwagia ndani yake maisha ya Yesu. Je, tungependa msomaji Mwislamu aisome kazi hiyo vipi? Bila shaka tungependa asiseme kwamba ni wizi wa bahari ya watu, wala asiichambue mizani na vina peke yake kana kwamba Mnyampala hakuwa na la kusema. Tungependa amsikilize kama mtu aliyeamini alichokisema. Haki tunayoidai kwa Mnyampala ndiyo tunayodaiwa na Sayyid Abdalla.

Imani kama ujuzi, imani kama kizuizi

Hadi hapa tumezungumza juu ya wajibu. Ni sharti tuseme pia kwamba imani ni aina ya ujuzi, na kuiacha mlangoni ni kuacha chombo cha kazi. Mfano ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971. Jina hilo ni mojawapo ya majina ya sifa anayoitwa Bikira Maria katika litania ambayo Wakatoliki huisali. Katika litania hiyohiyo Maria huitwa pia Malkia na Nyota ya Asubuhi. Na katika riwaya mama yake Rosa anaitwa Regina, na mmoja wa nduguze Stella. Mwandishi, ambaye alisoma katika seminari ya Kikatoliki, ameipa familia iliyovunjwa na ulevi na ukali wa baba majina ya Mama wa Mungu. Msomaji asiyeijua litania ataiona hadithi ya msichana aliyepotoka akajiua. Anayeijua ataona swali zito likiulizwa: jamii inayomsifu Bikira kila jioni inawafanyia nini mabinti zake?

Lakini imani hiyohiyo iliwahi kuwa kizuizi. Riwaya hii ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya namna inavyoyaeleza mambo ya ngono, na wapo hadi leo wanaoikataa kwa jina la maadili ya Kikristo. Wanaoikataa wameona dhambi za Rosa, hawakuona hoja ya Kezilahabi. Wamemshuhudia uongo mwandishi kwa kudai kwamba anakipendekeza kile anachokiomboleza.

Jambo hili ni gumu zaidi tunapofika kwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1968, yeye pamoja na Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, walipendekeza kufutwa kwa Idara ya Kiingereza mjini Nairobi ili fasihi ya Afrika iwe kitovu. Mwaka 1970 alilihutubia Baraza Kuu la Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, akaanza kwa kueleza kwamba yeye si mtu wa kanisa wala si Mkristo, kisha akalishutumu kanisa kwa ushirika wake na ukoloni. Baadaye aliliacha jina la James. Muumini ana haki ya kuumia. Hana haki ya kulifanya umizo lake kuwa kigezo cha uhakiki. Katika Shetani Msalabani, iliyotoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1980, mashindano ya wezi na wanyang'anyi yanafunguliwa kwa mfano wa talanta uliopinduliwa, ambamo bwana anayetoa mtaji ni mnyonyaji. Mkristo aliyeusikia mfano huo tangu utotoni ana uwezo wa kuupima upinduzi huo hatua kwa hatua, na kuuliza: je, hapa Injili ndiyo inayopingwa, au ni wale walioigeuza kuwa leseni ya kulimbikiza? Swali hilo lina majibu zaidi ya moja, na tahakiki nzuri huyapima yote. Tahakiki inayoanza kwa kusema kwamba mwandishi ni adui wa Mungu imemaliza kazi kabla ya kuianza.

Kutokana na mifano hii twaweza kusema kwamba imani huwa ujuzi inapomwezesha msomaji kuona zaidi yaliyomo katika matini, na huwa kizuizi inapomruhusu kuona machache. Tofauti haimo katika nguvu za imani hiyo. Imo katika utayari wa muumini kusikiliza hadi mwisho.

Mhadhiri, mwanafunzi na kalamu nyekundu

Jirani wa tatu ni mwanafunzi, na hapa ndipo onyo la Weber linaporudi. Mhadhiri ana mamlaka asiyokuwa nayo kasisi. Muumini asiyeridhika na mahubiri anaweza kuhama parokia. Mwanafunzi wa uzamifu hawezi kumhama msimamizi wake kwa urahisi. Neno la msimamizi kwamba mada fulani "haifai" laweza kumpotezea mtu miaka miwili. Ndiyo maana maoni ya kidini yanayotolewa kwa mzaha darasani hayapokelewi kama mzaha na yule aliye peke yake katika imani yake, au asiye na imani yoyote. Yeye husikia hukumu, akajifunza kuandika yale anayodhani yanamfurahisha mwalimu. Hapo mwalimu amemfunza mtu kusema uongo.

Yapo mambo matatu ambayo katika kazi ya kutahini hayana budi kutajwa wazi. La kwanza ni la mwanafunzi anayeikana imani ya mtahini katika tasnifu yake. Tuseme anachambua Nagona (1990) na Mzingile (1991) na kufikia uamuzi kwamba Kezilahabi hakumbakishia Mungu nafasi. Mtahini Mkristo hatakiwi kukubaliana naye. Anatakiwa kuuliza tu iwapo ushahidi wa matini unaubeba uamuzi huo, na kumpa alama anazostahili.

La pili ni kinyume chake, na pengine ndilo la kawaida zaidi. Mwanafunzi mcha Mungu huandika mahubiri badala ya tahakiki. Hugawanya wahusika kuwa wema na waovu, hutoa funzo la kila sura, na kumalizia kwa kumwombea msomaji. Mtahini wa imani moja naye huona ugumu kumwangusha. Ikiwa atampitisha kwa kuwa moyo wake ni safi, atakuwa ametoa ushahidi wa uongo kwa huruma: amelithibitishia taifa kwamba huyu ni mhakiki, ilhali sivyo. Huruma ya kweli ingemrudishia kazi yake na kumkalisha chini mara ya pili.

La tatu ni udanganyifu. Inajulikana wazi kwamba vijana wengi wa Kenya wenye shahada hujipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 kuzuia huduma za namna hiyo. Kisa hiki si cha ng'ambo pekee, kwani tasnifu za kununuliwa ziko hapa nyumbani pia. Ajabu ni kwamba kampasi zinazojaa sala kabla ya mtihani hazijaonekana kuwa na udanganyifu mchache kwa sababu hiyo. Tungekuwa na sababu ya kusherehekea nguvu za dini chuoni iwapo muumini angejulikana kwa kutaja vyanzo vyake kikamilifu kama anavyojulikana kwa kuimba. Kutaja chanzo ni tendo dogo la kukiri kwamba wazo hili si langu, amenipa mwingine. Dini inayofundisha shukrani ingelipaswa kulizoea.

Pingamizi mbili

Msimamo huu una wapinzani wa pande mbili. Muumini mwenye bidii atasema kwamba tumemfunga mdomo. Ikiwa anaamini kwamba Kristo ndiye kweli, kunyamaza darasani ni usaliti. Jawabu letu ni kwamba hatujamtaka anyamaze. Anaweza kujitambulisha, anaweza kueleza kwamba ufasiri wake unatokana na imani yake, na anaweza kuutetea kwa hoja ambazo asiyeamini anaweza kuzipima. Asichoweza ni kutumia alama, usimamizi na mimbari ya mhadhara kuupata ushindi ambao hoja zake hazikuupata. Kweli inayohitaji kusukumwa kwa kalamu nyekundu imekwisha kutiliwa shaka na mwenyewe anayeisukuma.

Asiyeamini atasema kinyume: ikiwa imani inadai ukweli, usikivu na kipimo kimoja tu, basi haina kazi yoyote, kwa kuwa mkana Mungu mwaminifu anayafanya hayo yote. Pingamizi hili ni zito. Tunakubali bila kusita kwamba uaminifu wa kitaaluma si mali ya Wakristo, na kwamba baadhi ya wasomaji bora wa tendi za Kiislamu hawakuwa na dini. Hata hivyo, mambo mawili yanabaki. Kwanza, kama tulivyoona katika Rosa Mistika, imani huleta ujuzi wa ndani ambao hauchukuliwi kwa kusoma kamusi ya dini peke yake. Pili, kila mtu anahitaji sababu ya kuwa mwaminifu pale ambapo uaminifu haulipi: anapopandishwa cheo mwenye makala mengi mabovu, au anapoombwa na mkubwa ampitishe mtoto wa mtu. Mkana Mungu ana sababu zake, nasi tunaziheshimu. Mkristo anaamini kwamba yuko Mmoja anayeisoma ripoti ya mtahini hata baada ya kufungiwa kabatini. Asipoitenda kazi yake kulingana na hilo, basi asiyeamini ana haki ya kumwuliza ni kitu gani hasa anachokiamini.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika vyuo vyetu imani ya Kikristo haikosi nafasi. Inachokikosa mara nyingi ni kazi. Inasikika katika mahafali, katika vikao na katika kumbi za ibada, lakini haionekani kwa kadiri hiyo katika tanbihi, katika ripoti za watahini na katika usomaji wa tungo za wasioamini kama sisi. Tumependekeza kwamba iwekwe huko, si kama kipimo cha kuhukumia matini, ila kama kifungo cha kusema kweli juu yake.

Lipo jambo moja ambalo kila idara inaweza kuanza nalo bila kungoja sera ya seneti. Mwanafunzi Mkristo atakayeandika juu ya Al-Inkishafi, au Utendi wa Mwana Kupona, aelekezwe kukaa na msomi Mwislamu anayezijua Kurani na hadithi zilizomo, kama Taylor alivyokaa na Mwalimu Sikujua. Na jina la msomi huyo liandikwe katika tasnifu mahali panapoonekana. Vilevile mwanafunzi Mwislamu atakayemshughulikia Mnyampala, au Kezilahabi, apewe Mkristo wa kumwuliza. Kisha tasnifu zote mbili zitahiniwe na watu wa dini tofauti. Watahini hao wakitofautiana juu ya alama, na wakashindwa kueleza tofauti yao kwa kurejelea matini, itabidi mmoja wao, au wote wawili, waisome kazi hiyo upya.